Zana za bure za kufundishia fizikia zinazofanya kazi bila intaneti: nianzie wapi?

Mwalimu wa Bonde (muulizaji)

Walimu wenzangu, habari za kazi. Ninafundisha fizikia kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule ya kata mkoani Rukwa. Tunayo kompyuta mpakato moja ya ofisi ya taaluma, projekta iliyonunuliwa kwa michango ya wazazi, na umeme ambao kwa sehemu kubwa hautusumbui. Kinachotusumbua ni mtandao, kwani shule haina intaneti na bando ninalolitumia ni la simu yangu mwenyewe. Maabara ipo, lakini vifaa vya mada ya umeme ni vichache kiasi kwamba kikundi kimoja hufanya jaribio huku wengine wakichungulia mabegani mwa wenzao.

Kila ninapotafuta zana za bure kwa walimu, ninaletewa orodha ndefu za majina, nyingi zikidai kila mwanafunzi awe na kifaa chake na mtandao wa kudumu, na nyingine zikiwa bure kwa muda mfupi tu kabla ya kuanza kudai malipo. Sihitaji orodha nyingine. Naomba kujua kutoka kwa mwalimu aliyetumia zana hizi katika darasa lenye wanafunzi sabini na zaidi: ni ipi inayofaa nianze nayo, na inatumikaje pale ambapo kompyuta ni moja?

Fundi wa Maabara, Morogoro

Mwalimu, kwa fizikia anza na PhET. Huu ni mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla yake. Wametengeneza simulesheni, yaani majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta, za fizikia, kemia, hisabati na baiolojia, na baadhi yake zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Sababu ya kuitanguliza mbele ya nyingine zote ni kwamba simulesheni zao za HTML5 hupakuliwa moja moja zikiwa faili la megabaiti chache tu, na faili hilo hufunguka katika kivinjari cha kawaida bila intaneti. Ukienda mjini siku moja ukapakua zile zinazogusa azimio lako la kazi la muhula mzima na kuziweka kwenye flashi, huna tena haja ya bando. Uzipite zile za zamani zilizoandikwa kwa Java, maana usumbufu wake ni mwingi kuliko faida.

Kuhusu kompyuta kuwa moja: usiitumie simulesheni kama video ya kutazamwa. Chukua ile ya sakiti, Circuit Construction Kit: DC. Ioneshe ukutani sakiti yenye betri moja na balbu mbili zilizounganishwa kwa mfuatano, kisha kabla ya kuongeza balbu ya tatu, kila mwanafunzi aandike katika daftari lake kama mwanga utapungua, utaongezeka au utabaki vilevile, na kwa nini. Hesabu mikono, waache wabishane kidogo na majirani zao, ndipo ubonyeze. Wengi huamini kwamba mkondo wa umeme hupungua kila unapopita kwenye balbu, na hakuna maelezo ya ubaoni yanayoing'oa dhana hiyo vizuri kama kuwaonesha amita, yaani kipimo cha mkondo, ikisoma namba ileile kabla ya balbu na baada yake. Unaweza pia kubadilisha picha kutoka vifaa halisi kwenda alama za mchoro wa sakiti kwa kubofya mara moja, jambo linalowasaidia sana wale wanaoshindwa kuoanisha waya uliojipinda mezani na mistari iliyonyooka ya kitabuni. Tena ukiunganisha betri pande zake mbili kwa waya mtupu, inashika moto kwenye skrini. Darasa litacheka, lakini halitasahau maana ya shoti.

Mama Taaluma

Nakubaliana na mwenzangu wa Morogoro kwa sehemu. Simulesheni ni nzuri kwa kujenga dhana, ila mtihani wa vitendo wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) haupimi dhana peke yake. Unapima mkono na jicho: mtahiniwa afunge uzi, apime urefu hadi katikati ya gololi, ahesabu mibembeo bila kupitiwa, asome rula kwa kuitazama wima badala ya kuitazama kwa pembeni. Kwenye skrini kipimo hakikosei, na mwanafunzi aliyezoea hivyo hushangaa data zake za maabara zinapokataa kukaa katika mstari mmoja wa grafu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba jaribio lolote linalowezekana kwa uzi na jiwe lifanyike kwanza kwa uzi na jiwe. Mfano ni pendulamu. Wanafunzi wapime wenyewe muda wa mbembeo mmoja kwa urefu mbalimbali, wachore grafu ya kipeo cha pili cha muda huo dhidi ya urefu, nao watapata mwinamo unaokaribia 4.0, ambao unawapa g, yaani mchapuko wa mvutano, ya karibu 9.8. Hapo ndipo ufungue Pendulum Lab ya PhET na kuhamisha jaribio lilelile mwezini: pendulamu ya urefu wa mita moja, ambayo hapa kwetu huchukua takribani sekunde 2 kwa mbembeo, kule huchukua karibu sekunde 4.9. Simulesheni hiyo ina pia sayari waliyoiita Planet X, ambayo thamani ya g yake imefichwa, na wanafunzi wanapaswa kuitafuta kwa njia waliyoitumia mezani. Hilo ni swali zuri la kikundi, na haliwezekani kabisa kwa vifaa vya maabara yetu.

Halafu kuna hazina ambayo walimu wengi tunaipita kwa sababu haing'ai. Katika tovuti ya NECTA, pamoja na karatasi za mitihani iliyopita, zimewekwa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zikiwa PDF za bure. Taarifa hizo zinaeleza swali kwa swali watahiniwa walifanyaje, walikosea wapi na kwa sababu gani, na zinaonesha nakala za majibu mazuri na mabaya kama yalivyoandikwa na watahiniwa wenyewe. Mimi huchukua jibu bovu mojawapo, nikalionesha ukutani bila maoni yoyote, na kuwataka wanafunzi walisahihishe kama wangekuwa wao wasahihishaji wa mtihani. Ukinilazimisha kuchagua kati ya taarifa hizo na simulesheni zote, ninachukua taarifa.

Mwalimu wa Kakamega

Naongezea kutoka Kenya, ingawa mitaala yetu haifanani. Zana nyingine inayostahili muda wako ni Kolibri ya shirika la Learning Equality, ambayo ni ya bure na ilitengenezwa makusudi kwa shule zisizo na intaneti. Kompyuta moja huwekwa programu hiyo pamoja na masomo yaliyopakuliwa, ikaunganishwa na ruta ya kawaida isiyo na intaneti yoyote, na simu au tableti zilizo karibu huyasoma masomo kupitia ruta hiyo. Ndani yake zimo video na mazoezi ya Khan Academy, simulesheni za PhET, na hadithi za African Storybook ambazo walimu wa msingi huzipenda. Inapatikana pia kwa Kiswahili. Ila usipakue maktaba nzima, kwa kuwa video ni nzito mno. Chagua mada unazofundisha muhula huu tu. Na kama shule yenu hairuhusu simu na haina tableti, iache kwanza. Katika hali hiyo faida yake juu ya folda yenye mpangilio mzuri kwenye flashi ni ndogo.

Utakutana pia na Plickers, programu ya kukusanya majibu ya darasa zima kwa mara moja, inayosifiwa kwa kuwa wanafunzi hushika kadi za karatasi tu na mwalimu huzisoma kwa kamera ya simu yake. Wazo ni zuri sana, lakini kadi zao huishia namba 63, na simu ya mwalimu inahitaji mtandao. Kwa darasa lako, mikono iliyoinuliwa inatosha.

Mwalimu wa Bonde (muulizaji)

Ninawashukuru sana. Nimeanza na taarifa za NECTA kwa kuwa nilikuwa sijawahi kuzifungua, na ile ya sakiti nimeipakua leo. Nina swali moja lililobaki: je, ninaruhusiwa kuwagawia walimu wa shule jirani flashi yenye mafaili haya, au kila mmoja anatakiwa apakue mwenyewe?

Fundi wa Maabara, Morogoro

Simulesheni za PhET waweza kuwanakilia wenzako kwa matumizi ya darasani, mradi usiziuze na usiondoe jina la mradi. Kolibri nayo imeundwa kwa ajili hiyohiyo, hata masomo yake huhamishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa flashi. Jambo la kuangalia ni simu: faili la HTML likitumwa kwa simu, mara nyingine hufunguka katika programu ya kusomea maandishi badala ya kivinjari, na mwenzako ataona msitu wa herufi. Mwambie alifungue kwa kuchagua kivinjari, na kama limekataa, alihamishie kwenye kompyuta.

Mama Taaluma

Na kabla ya kugawa, yape mafaili majina ya mada na kidato. Flashi yenye mafaili arobaini yasiyojulikana ni ya nini huishia kabatini.