Naombeni ushauri: nimepotea katika kurasa za mauzo, nichague friza ipi?

Mama wa Kitangiri
Habari zenu ndugu zangu. Ninauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na ninatafuta friza ya kulala ya lita 200 hivi, isiyozidi shilingi 900,000. Wiki mbili nimekesha kwenye tovuti za mauzo, lakini nikiandika "friza" zinanijia bidhaa mamia, nyingine majokofu ya kawaida, nyingine rafu na vifuniko tu. Naombeni mnifundishe namna ya kutafuta mpaka nipate inayonifaa.

Fundi Baridi
Dada, usitafute kwa neno moja. Andika aina na ujazo kwa pamoja, kisha fungua sehemu ya kuchuja, uweke kikomo cha bei na mji aliko muuzaji, maana nauli ya mzigo kutoka Dar es Salaam nayo ni gharama. Zile za juu kabisa mara nyingi zina alama ya tangazo. Zimelipiwa zikae pale, kwa hiyo zipite. Ukibakiwa na tatu au nne, anza na maoni ya waliotoa nyota moja, kwa sababu hao ndio wanaoeleza kompresa, yaani mota ya friza, ilikufa lini na muuzaji aliwajibu nini. Mwisho, omba picha ya kibati cha nyuma: kisome volti 220 hadi 240 na hezi 50, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Ipo uliyoiona?

Mwana Nansio
Hilo la kibati lilinigharimu. Shemeji yangu alinitumia mashine ya juisi ya volti 120 kutoka Marekani, nikaichomeka hapa Ukerewe, ikatoa moshi kabla sijamenya embe la pili. Tangu siku hiyo sinunui hata pasi bila kuipindua.

Mwalimu Mstaafu
Binti yangu, haraka haraka haina baraka. Shuka mjini, ingia maduka ya Makoroboi, ifungue, isikie inavyonguruma, ndipo utoe pesa.

Mama wa Kitangiri
Shikamoo Mwalimu. Nimekusikia, ila bei za madukani zimenizidi. Fundi, ipo moja iliyotumika kidogo, lita 250 kwa 650,000. Kibati kinasema volti 115, hezi 60, lakini muuzaji ameahidi kunipa transfoma.

Fundi Baridi
Transfoma inashusha volti, haigusi hezi. Kompresa iliyoundwa kwa hezi 60 itazunguka polepole kwenye umeme wetu, itagandisha kwa shida na inaweza kuchemka. Kwa nini unaitetea? Umeshalipa?

Mama wa Kitangiri
Nimetuma 300,000 ili anishikie. Alisema makato ya tovuti ni makubwa, tukamalizana kwa simu. Lakini ni muungwana, anapokea kila nikimpigia, na amenitumia picha sita. Salio analisubiri Ijumaa.

Binti Igoma
Samahani, nina shaka na kisa hiki. Muuza dagaa wakavu anagandisha nini? Na aliyekwisha kulipa anauliza namna ya kutafuta? Nahofia kesho tutaombwa mchango.

Mwana Nansio
Hata mimi nimeanza kujiuliza.

Mama wa Kitangiri
Sijaomba senti ya mtu. Mvua zikinyesha dagaa hawakauki na kipato kinakatika, ndiyo maana nataka kuwauzia majirani sato. Malipo niliyaficha kwa aibu, kwa kuwa pesa ile ni mkopo wa kikoba. Nilitamani mmoja wenu aniambie kwamba friza ile ni nzuri.

Binti Igoma
Nisamehe, dada. Usitume salio. Piga sasa hivi huduma kwa wateja wa mtandao uliotumia, uombe muamala uzuiwe, na namba ya mtu huyo uiripoti 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Usifute ujumbe wowote, polisi watauhitaji.

Fundi Baridi
Pia chukua picha moja, uitafute mtandaoni kwa picha yenyewe, uone kama imewahi kutumika kwingine.

Mama wa Kitangiri
Nimeitafuta. Imetokea kwenye tangazo la muuzaji mwingine, la dola, ukuta uleule wa bluu na kibati kilekile. Huduma kwa wateja wamepokea malalamiko yangu. Nimefunga meza, ninaelekea kituoni.