Naomba ushauri: nikubali kupunguzwa mfuko wa chakula?

Habari zenu wapendwa. Nina miaka 38, mama wa watoto watatu, naishi Dar. Urefu wangu ni sentimita 162, uzito kilo 124. Nina kisukari na presha, na magoti yananiuma kiasi kwamba kupanda daladala mpaka nishikwe mkono.

Nimejaribu jamani. Nimeacha ugali, nimetembea kila jioni kwa miezi saba. Nilishuka kilo 11, zikarudi 15.

Daktari amenishauri upasuaji: wanaingia kwa matundu madogo tumboni na kuondoa zaidi ya robo tatu ya mfuko wa chakula, unabaki mwembamba kama ndizi. Amenieleza wazi kwamba kilichokatwa hakirudi, nitameza vitamini na kupimwa damu maisha yangu yote, na kuna hatari ya kuvuja pale panaposhonwa au damu kuganda. Ila kisukari kinaweza kutulia sana.

Mama hataki hata kusikia. Anasema unene ni wa ukoo wetu, na nikikonda ghafla mtaani watasema nina ule ugonjwa. Mume wangu naye: "Mimi nilikuoa hivyo hivyo." Najua wananipenda. Lakini usiku pumzi inapokata niko peke yangu.

Mliofanyiwa, miezi ya kwanza mlikula nini? Ngozi kulegea je? Na uliyeghairi, unajuta? Natakiwa kutoa jibu hospitali mwisho wa mwezi huu.