Katheta ya shingoni inafanya kazi vizuri kwa mama wa miaka 79: kuna haja ya fistula?

Sista_Dayalisisi
Wakuu, naomba ushauri. Mgonjwa ana kisukari, na eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) inaonyesha moyo unasukuma asilimia 35 tu ya damu yake kwa kila pigo. Ana katheta ya kudumu (mrija wa dayalisisi, yaani kusafisha damu kwa mashine) shingoni kulia, mwezi wa tatu sasa. Mashine inavuta mililita 300 kwa dakika, hajapata homa. Daktari wa upasuaji anataka fistula ya kifundo cha mkono (ateri iunganishwe na vena ili mashine ichote damu hapo), familia inasita. Tushauri nini?

Mpima_Mishipa
Dada, msikate kabla ya doppla (kipimo cha mishipa ya damu kwa mawimbi ya sauti). Mfunge kamba juu ya mkono, chumba kiwe na joto, maana baridi husinyaza vena ukadhani hazipo. Ateri ikiwa chini ya milimita 2, au vena chini ya 2.5, fistula ya kifundo huenda isikomae, yaani isipanuke vya kutosha kuchomwa sindano. Na kipenyo peke yake kinadanganya: kwa wazee wenye kisukari ateri ya kifundo huwa imejaa chokaa, ukuta hautanuki, hivyo damu haiongezeki hata mshono uwe mzuri namna gani. Angalieni pia vena kubwa za kifuani upande wa katheta, huenda zimeshaziba.

Dkt_Figo
Fistula ya kiwiko hukomaa kirahisi zaidi, lakini hupitisha damu nyingi, na moyo wa asilimia 35 unaweza kulemewa. Ateri ya kiwiko pia huleta unyang'anyi wa damu, fistula ikivuta damu ya kiganja: vidole baridi, maumivu wakati wa dayalisisi, hata vidonda. Sasa piga hesabu ya muda. Fistula huchukua miezi 2 hadi 3, wazee wengi huhitaji kupanuliwa kwa puto, na muda wote huo katheta bado iko shingoni. Mgonjwa asiyetarajiwa kuishi zaidi ya mwaka mmoja anaweza kubeba maumivu yote ya upasuaji asipate faida. Mwongozo wa KDOQI (wa wataalamu wa figo Marekani) wa 2019 uliacha kumlazimishia kila mtu fistula, ukataka mpango wa maisha ya mgonjwa mwenyewe.

Mchoma_Sindano
Nakubali, ila katheta isiachwe kwa uvivu. Bakteria wa stafilokoka akiingia kwenye damu huweza kufika kwenye vali za moyo au uti wa mgongo. Mama mwenye nguvu na mishipa mizuri apewe nafasi ya fistula.

Sista_Dayalisisi
Grafti (mshipa bandia) je?

Mpima_Mishipa
Inafaa vena za mkono zikiwa nyembamba lakini ile ya juu, karibu na kwapa, ifike milimita 4. Huchomwa baada ya wiki 2 au 3. Huganda na kuambukizwa zaidi ya fistula, na huulemea moyo vilevile.

Dkt_Figo
Kwa moyo huo, mimi ningebaki na katheta, mama mwenyewe akiridhia baada ya kuelezwa. Kila kikao muuguzi na mgonjwa wavae barakoa, vichwa vya katheta visuguliwe kwa dawa na kuachwa vikauke, tundu la ngozi lisafishwe kwa klorheksidini. Heparini ya kufungia katheta (dawa ya kuzuia damu kuganda) ijazwe kwa ujazo ulioandikwa kwenye kila mkia wa katheta. Ikizidi huingia kwenye damu na kumtoa damu, na ivutwe yote kabla ya kikao kijacho. Akitetemeka kwa baridi mashineni, chukueni damu ya kuotesha vimelea maabara kabla ya antibiotiki. Mkono asioutumia sana usichomwe kanyula (sindano ya dripu), damu ya vipimo itoke mgongo wa kiganja, ili akibadili mawazo vena ziwepo.