Wenye TV mmezidi! Filamu ya familia mnaikatiza na matangazo ya kubeti

Wakuu, nimevumilia sana, leo nasema.

Jumamosi usiku tumekaa sebuleni, mimi, mama watoto, watoto na bibi yao, tunaangalia filamu ya Kibongo kwenye chaneli moja ya hapa hapa nchini. Stori imekolea. Dada wa watu kasimama nje ya wodi, daktari anatoka, anavua barakoa, anafungua mdomo... pap! Tangazo la kubeti. Sauti imepanda kuliko ya filamu, bibi kashtuka, mtoto mchanga kaamka analia. Kijana kalala kwenye godoro chini, anashika simu, anabonyeza, mara yuko kwenye gari kali na warembo pembeni. Ile 18+ imeandikwa chini kwa viherufi visivyosomeka, ikapita. Likaja la kampuni nyingine. Halafu likarudi lile la kwanza! Filamu kurudi hewani, daktari hayupo, watu wako makaburini. Yaani na kipande chenyewe wamekikata. Bibi anauliza nani kafa, hakuna wa kumjibu.

Najua matangazo ndiyo yanayolipa mishahara ya watu, sipingi. Tangazeni sabuni, unga, mabati, vifurushi. Kinachoniuma ni kamari kuletwa sebuleni saa mbili na nusu usiku watoto wakiwa macho. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza. Sasa muda huo mnamtangazia nani? Wangu yuko darasa la tatu. Juzi baba yake mdogo kaja kutusalimia, dogo badala ya shikamoo anamuuliza, "Ba'mdogo, mkeka umetiki?" Humu ndani hakuna anayebeti. Kayatoa wapi kama si kwenye hiyo TV?

Na msiniambie haiwezekani kuzuia. Uingereza tangu Agosti 2019 kampuni zenyewe zilikubaliana kutotangaza wakati mechi inaendelea kabla ya saa tatu usiku. Italia ilipitisha marufuku mwaka 2018. Hapo jirani Kenya, Aprili 2025 walisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Siku 30 ni chache, lakini walithubutu.

Kitu kingine kinachonichoma roho. Siku hizi nasoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, kurasa chache kila usiku. Unguja ya enzi za mkoloni, Yasmin anaozwa mzee asiyemtaka, huku Denge na wenzake wanahangaika na siasa za uhuru. Amil Shivji akaifanyia filamu, mwaka 2021 ikaoneshwa kwenye tamasha la Toronto. Kitabu cha kwetu, filamu ya kwetu! Sasa niambieni, ni lini mmeona tangazo la kitabu katikati ya filamu? Mimi sijaona hata moja. Mwenye duka la vitabu atashindana vipi na watu wenye pesa za kurudia tangazo lile lile usiku kucha? Mtoto anakua anajua majina ya kampuni za kubeti, Shaaban Robert hamjui. Hili linaniumiza kuliko hata ile filamu iliyokatwa.

Wenye vituo, ninachotaka ni kidogo. Kamari itoke kabisa kwenye filamu na tamthilia za jioni, ipelekwe usiku mnene watoto wakiwa wamelala. Tangazo lisipaze sauti kuliko kipindi. Na mkikatiza filamu, irudisheni pale pale mlipoiachia, kwa sababu kuna watu walikesha kuigiza hicho kipande.

Walioko Mwanza, Arusha, Mbeya, huko nako ni hivi hivi? Na anayejua utaratibu wa kupeleka malalamiko rasmi auweke hapa. Tarehe, saa na jina la chaneli ninavyo, barua naipeleka wiki hii.