Laptopu kuukuu, pedi mbili, baraza limejaa: niweke gemu gani ya mpira?

MwanaMkomani
Assalaam alaykum. Nina laptopu niliyoinunua mkono wa pili: Core i3, RAM GB 4, picha zinaendeshwa na chipu ya ndani, Windows 10, na bado ina sehemu ya kutilia DVD. Baada ya tarawehe vijana wa mtaa hukusanyika barazani kwetu, hawapungui sita, na wote wanataka mpira. Nina na pedi mbili za kuchezea. Nimezipima PES 2013 (gemu ya mpira ya Konami, sahani yake kaka yangu aliniachia), PES 2021, eFootball, EA Sports FC 24, au niachane na laptopu niweke PPSSPP, programu ya kuchezea gemu za PSP, kwenye simu. Stima hukatika bila taarifa na bando nanunua la siku. Naomba rai za mtu aliyecheza kwa mkono wake.

FundiLangoni
Wa alaykum salaam. FC 24 iondoe leo leo. Inataka RAM GB 8 kwa uchache na GB 100 za diski, na hata ukizipata, chipu yako haitaibeba. eFootball ya kompyuta vilevile. PES 2021 kwenye karatasi inakubali GB 4, lakini kumbuka Windows yenyewe imeshajikatia fungu lake hapo. Nimewawekea wateja wawili wenye mashine kama yako. Menyu zinafunguka vizuri, mnaanza kwa furaha, kisha inapigwa kona: wachezaji wamejazana ndani ya boksi, picha inakatikakatika, na goli limeingia hujui limepitia wapi. Weka PES 2013. Kabla ya kuifungua, ingia settings.exe, faili la mipangilio linalokuja na gemu, chagua 1280 kwa 720, ubora uwe wa chini. Itateleza.

KipaWaShela
Fundi, kwa mashine sina neno, ila hao vijana umewafikiria? PES 2013 ilitoka 2012. Messi yuko Barcelona, na Mbappé hata hayumo. Mdogo wangu ana miaka kumi na tatu, ukimpa timu hizo anakuuliza hawa ni nani. eFootball kwenye simu ni bure tangu Konami walipoliacha jina la PES mwaka 2021, na wachezaji ni wa leo.

MwanaMkomani
Kaka, kupakua ni bure, kucheza si bure. Ile inataka intaneti kila mechi. Watu wawili wamekaa bega kwa bega kwenye baraza moja, na kila mmoja anachoma bando lake ili wacheze! Sasisho likija ndiyo bando la siku limekwisha kabla ya filimbi. Nikiwa peke yangu naipenda. Kwa watu sita siiwezi.

MaweniMalindi
Nawasalimu kutoka Malindi. Mimi ni dada wa PPSSPP na nitaitetea, kwa sababu kwetu stima ilipokatika siku mbili mfululizo ndiyo iliyotuliwaza. Ni emuleta ya PSP, yaani programu inayoiigiza ile mashine ndogo ya gemu ya Sony ya kushika mkononi, haigharimu kitu, haina haja ya intaneti. Sahani ya PSP haikuzidi GB 1.8, kwa hiyo gemu nzima inakaa kwenye kadi ndogo ya simu. FIFA 14 na PES 2014 zote zilitolewa kwa PSP.

Kioo cha PSP kilikuwa nukta 480 kwa 272 tu, ndiyo maana wengi wakiifungua mara ya kwanza huona ukungu wakaitupa. Ingia mipangilio ya picha, pandisha idadi ya nukta hadi mara mbili. Simu yangu ya RAM GB 3 inaimudu hiyo. Nilipojaribu mara tatu ilipata moto kama pasi. Na simu mbili zinaweza kucheza pamoja kwa hotspoti bila bando: simu moja iwashe seva ya ad hoc (ya kuunganisha wachezaji walio karibu) ndani ya PPSSPP, ya pili iandikiwe anwani ya IP ya ile ya kwanza. Inataka subira, mara ya kwanza ilinichukua jioni nzima.

Emuleta haiji na gemu. Inavyotakiwa, faili litolewe kwenye sahani yako mwenyewe. Faili la gemu huishia .iso au .cso. Mtu akikutumia .apk (faili la kuweka programu kwenye simu ya Android) yenye jina la gemu ya PSP, tafadhali usiifungue. Mpwa wangu aliifungua, ikabidi simu ifutwe yote, na picha za arusi ya dada yake zikaenda nayo.

MzeeMkunguni
Wanangu, nimecheza tangu enzi za PlayStation 2. Gemu ya baraza haipimwi kwa nyasi zinavyong'aa, hupimwa kwa muda anaoketi yule anayengoja zamu. PES 2013 inakubali mechi ya dakika 10. Mshindi abaki, aliyefungwa apishe. Na betri ya laptopu ijulikane: ikiwa inashika dakika 45, hesabu mechi tatu stima ikikatika, na musianze ya nne.

FundiLangoni
Ahsante mzee. Mwana, kabla hujacheza fungua kifuniko cha chini. Wiki iliyopita nimeifungua moja ya nyumba inayoelekea bahari: mapanga ya feni yamevaa vumbi lililogandishwa na chumvi, gumu, nikalikwangua kwa mswaki. Joto lote lilikuwa halina ndia. Ukimaliza kusafisha, iinue nyuma kwa vipande viwili vya boriti ipate hewa. Usiiweke juu ya mto.

MwanaMkomani
Nimeweka PES 2013 jana. Mashallah, hata kona haikukwama. Ila pedi moja inasoma, nyingine imekufa ganzi.

FundiLangoni
Igeuze nyuma. Kama ina swichi ya X na D (namna mbili za pedi kuongea na kompyuta), moja iko X na nyingine iko D. Ziweke zote D, uzichomoe, uzirudishe, kisha upange vitufe upya ndani ya settings.exe, moja baada ya nyingine.

MwanaMkomani
Ilikuwa ni swichi! Leo tumecheza mpaka daku. Kipa wa Shela, mlete mdogo wako kesho, nimeanza kuandika majina ya wachezaji wapya kwenye sehemu ya kuhariri. Mbappé nimeshamtia.