Bwana afya kazuia unga wangu wa lishe, Jumatatu nikaseme nini?

MamaUnga: Habari zenu wakuu. Nauza unga wa lishe Nkuhungu, hapa Dodoma: mahindi, soya, ulezi na karanga. Jana kaja afisa afya wa kata na mwenzake, wamezuia pakiti zote dukani, wamebeba sampuli, Jumatatu natakiwa ofisini. Nina marejesho ya kikundi. Nikajieleze vipi waniachie mzigo?

Chifu_Ipagala: Pitia SIDO, wale wa viwanda vidogo, wakupe barua, uombe alama ya ubora TBS, shirika la viwango. Usihangaike na TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, mambo ya chakula yalihamia TBS tangu 2019.

Baba Chipsi: Mimi walinifungia kibanda kisa mpishi hajapima afya. Choo safi, maji ya kunawa yapo, sabuni ipo! Hasira niliyokuwa nayo siku ile, acha tu. Siku hizi siajiri mtu hajapima.

Mwl. Mstaafu: Mleta uzi, hujasema kosa ni nini. Lebo ina nini?

MamaUnga: Ina kila kitu, mwalimu. Viambato, uzito, jina langu na simu. Wameng'ang'ania tarehe tu.

Mwl. Mstaafu: Tarehe ina nini?

MamaUnga: Zilibaki pakiti za tangu masika, nikabandika stika mpya juu. Yule afisa akakwangua kwa ukucha, tarehe ya zamani ikatokeza. Lakini unga ni mzima! Nimeunusa, nimepika uji nikanywa. Na wanaofanya hivi ni wengi. Za stoo nimeshazihamishia kwa dada yangu Chamwino, siwezi kupoteza mtaji wote.

MlokoleDom: Riziki ya kudanganya haina baraka, dada. Tubu kwanza.

Binti Kondoa: Mimi kwetu Kondoa. 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na walikula ugali wa kila siku. Mahindi na karanga vikipata unyevu, ukungu unaingia. Ile sumu huioni, huisikii kwa pua, na kupika hakuimalizi. Huo uji wako wanakunywa watoto wadogo.

Mkaguzi wa Nyuzi: Mnalishwa chai. Afisa gani anabeba sampuli bila kuacha karatasi? Mbona hajaitaja?

Chifu_Ipagala: Kweli. Weka picha ya fomu, ficha jina.

MamaUnga: Ninayo, ina muhuri na sahihi yangu. Siweki, mtaani wananijua. Asiyeamini aache.

Mkaguzi wa Nyuzi: Nilijua tu. Chai.

Binti Kondoa: Iwe kweli iwe uongo, mimi naomba jibu moja. Pakiti za Chamwino ziko stoo au dada anauza?

Baba Chipsi: Hilo ndilo swali.

MamaUnga: Nimempigia sasa hivi. Anasema nne zimeshatoka, moja kachukua jirani mwenye mtoto aliyeanza uji juzi. Nimemwambia aifuate. Natafuta usafiri wa Chamwino, zote nazirudisha na Jumatatu naenda nazo.