Wauza viwanja wa pembezoni mwa Dodoma: mmeuza eneo letu la wazi na barabara mmeziba. Mtujibu!

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, na kama lugha itakuwa kali mnivumilie.

Nyumba yetu iko nje ya mji, upande wa Nala, unaiacha barabara ya Singida unaingia ndani. Mimi na mume wangu tuliinunua ikiwa imekamilika, kwa kampuni iliyopima eneo lote, ikauza viwanja na nyumba chache ilizojenga yenyewe. Kabla hamjaniuliza kama tulifanya upekuzi: tulifanya. Hati ipo, ya miaka 99, kwa majina yetu. Bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja, alizikagua mpima tuliyemtafuta wenyewe. Kodi ya pango la ardhi tunalipa kila mwaka, na kila mwezi kwenye LUKU inakatwa 1,500 ya kodi ya majengo, tangu ilipopandishwa kutoka 1,000 Julai 2023. Serikali haitudai kitu. Kiwanja chetu hakina mgogoro na mtu yeyote. Mgogoro unaanza ukishatoka getini.

Mchoro wa mipango miji tuliooneshwa siku ya kununua unaonesha barabara ya mita 12 ikipita mbele ya nyumba zetu mpaka barabara kubwa. Unaonesha eneo la wazi, kiwanja cha zahanati, na ukanda mrefu ulioachwa kando ya korongo usijengwe. Nakala ninayo. Nenda leo ukaangalie. Eneo la wazi lina misingi ya nyumba, moja imeshafika lenta. Barabara ya mita 12 imekatwa katikati na ukuta wa mtu ambaye naye ana karatasi za kampuni hiyo hiyo, kwa hiyo hata kumlaumu siwezi. Na ukanda wa korongo umekatwa viwanja vidogo vidogo, vikauzwa kwa bei ya chini kwa watu waliokuja kiangazi.

Hili la kiangazi nataka mlielewe vizuri ninyi mnaotaka kuhamia huku. Dodoma mvua yake ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na kwa mwaka mzima haifiki hata milimita 600 kwa wastani. Mtu akisikia hivyo anaona nchi kavu, mafuriko yatoke wapi? Lakini mvua hiyo ikija inashuka kwa kishindo, ndani ya saa chache, juu ya ardhi ngumu isiyo na majani. Maji yote yanakimbilia makorongo. Kuanzia Juni mpaka Novemba korongo ni mchanga mkavu, watoto wanachezea mpira humo, na huo ndio wakati madalali wanapopeleka wateja. Mzee mmoja wa Kigogo aliyekuwa akilima hapo zamani alituambia yeye uwele wake aliupanda juu, ule upande wa chini hakuwahi kuugusa kwa sababu anajua maji yanapopita. Waliokuja kupima hawakumuuliza.

Januari iliyopita jirani yetu alishikwa na uchungu usiku, mvua ikiwa imenyesha tangu magharibi. Njia iliyopaswa kuwa barabara imezibwa na ukuta, ile ya kuzungukia inavuka korongo. Bajaji ilifika ng'ambo ikasimama, dereva akasema havuki, na hakuwa na kosa, maji yalikuwa yanavuma. Wanaume wanne walimbeba yule dada kwenye godoro, kwa kufuata ukingo, wakizunguka mashambani mpaka walipopata pa kupita. Mimi nilishika tochi. Alijifungua salama hospitali, mtoto yupo, tunamshukuru Mungu. Lakini nilipokwenda ofisini kwa wale waliotuuzia na kuwaeleza, kijana wa mauzo alinijibu, "Mama, eneo bado linakua, muwe na subira." Subira ya nini? Ukuta uliojengwa katikati ya barabara utahama wenyewe?

Maji ya bomba pia tuliahidiwa. Anayeijua Dodoma anajua mji huu kwa miaka mingi umetegemea visima vya Mzakwe, na watu wameongezeka sana tangu serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016. Kwa hiyo mgao naweza kuuelewa. Ambacho sikielewi ni kuuziwa nyumba yenye koki, sinki na choo cha kuvuta wakati hakuna bomba lolote lililolazwa mtaani. Tunanunua maji ya boza na kujaza simtanki. Waliochimba visima wengi wamekuta maji ya chumvi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba huu si mji uliojiotea. Uamuzi wa kuleta makao makuu hapa ni wa 1973, na mpango kabambe ukatoka 1976. Yaani watu walikaa wakachora barabara na maeneo ya wazi kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mamlaka iliyosimamia ustawishaji ilivunjwa 2017, mwaka uliofuata manispaa ikawa jiji, na ardhi ya pembezoni imekuwa biashara ya kila mwenye ofisi na bango. Kila tangazo sasa linasema "karibu na barabara ya mzunguko", ile ya kilomita 112.3 inayopita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa hadi Matumbulu. Barabara ya mzunguko inajengwa kwa fedha za umma. Wewe muuzaji, yako ya mita 12 iko wapi?

Kubadili matumizi ya eneo la wazi kuna utaratibu chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Hapa kwetu hakuna mkazi aliyeona kibao cha tangazo wala kuitwa kwenye kikao. Tumeuliza serikali ya mtaa, wanasema hawajashirikishwa. Tumeandika barua ngazi ya juu, imepokelewa na kugongwa muhuri, kimya.

Tunachotaka ni hiki. Ujenzi kwenye eneo la wazi usimamishwe sasa, kabla hao wenzetu hawajamalizia fedha zao kwenye nyumba zitakazokuja kubomolewa, na wauzaji wawarudishie pesa wao, si serikali. Barabara ifunguliwe na kivuko cha korongo kiwekwe kabla ya mvua za Desemba. Waliouziwa korongoni wapewe viwanja vingine.

Wanasheria mliomo humu, naomba mwongozo. Wengine wanatuambia twende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, wengine wanasema tukitaka kuiunganisha halmashauri kwenye kesi lazima kwanza tutoe notisi ya siku 90. Siku 90 kuanzia leo, nyumba ya kwanza kwenye eneo la wazi itakuwa imeshapauliwa. Kuna njia ya kupata zuio mapema? Na wenye nyumba wa Michese, Mkonze, Nzuguni au kokote mliouziwa mchoro unaofanana na wetu, njooni inboksi na nakala zenu. Majina ya kampuni msiyaweke hapa, tuyapeleke yote kwa pamoja kunakohusika.